Wanawake wa Tusekile Wanaoinua Uso

Tusekile na baba mkwe wake waliishi kiwanja kimoja pale mtaa wa Bagamoyo, mjini Tukuyu, na hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Asiyejua mambo ya Wanyakyusa asidhani waligombana. Mke wa mtu na baba wa mumewe huogopana kwa heshima: hawatazamani, hawasemeshani, na wakikutana njiani mmoja huacha njia. Wenyewe huita ukutila. Miaka hiyo ya soko huria wengi mjini walikuwa wamekwisha kulegeza, na wachungaji hawakuwakemea, lakini mzee Lazaro alikuwa seremala wa zamani na hakuwa mtu wa kulegeza kitu, iwe skrubu au mila.

Basi kila alipotaka kuzunguka nyumba, mzee alikohoa kwanza. Kikohozi kile kilijulikana mtaa mzima, na kuna majirani wahamiaji waliodhani ana kifua, wakawa wanamletea asali. Tusekile akikisikia aliingia migombani, akageuka, akangoja hatua zipite. Alifanya hivyo tangu alipoolewa na Godwin, aliyekuwa akifanya kazi mgodi wa makaa karibu na Kiwira na kurudi nyumbani mwisho wa wiki. Ukimuuliza kama jambo hilo lilimchosha, angekushangaa. Ni kama kuvua viatu mlangoni, unavua tu.

Kazi yake ilikuwa meza ya vitu vidogovidogo sokoni: vioo, vitana, sindano, na wanasesere wa plastiki waliokuwa wakiingia kwa magunia kutoka mpakani Kasumulu tangu milango ya biashara ilipofunguliwa. Wanasesere hao aliwauza, lakini walimkera sana. Wote walikuwa na kiuno cha nyigu na nyayo zisizoweza kusimama. Ukimkalisha anaanguka, ukimwinamisha anakatika, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kuwahi kushika jembe. Siku moja mmoja alichomoka mkono. Tusekile akachungulia ndani ya bega, akaona kipande cha mpira kilichounganisha mkono huu na ule, akacheka peke yake mpaka mwenye meza ya jirani akamuuliza ana nini. Kumbe siri yenyewe ilikuwa mpira tu.

Hapo ndipo alipoanza. Alisokota maganda makavu ya migomba yakawa mwili, akakata tyubu ya baiskeli ikawa viungo, na mwanamke wa kwanza aliyemtengeneza alikuwa mchuma chai aliyeweza kuinama, kunyoosha mikono mbele na kutupa majani nyuma kwenye kikapu chake. Akafuata bibi mnene anayekata kiuno ngomani. Akafuata mjamzito aliyekaa kwenye kigoda, mkono mmoja mgongoni, amechoka na anakuonyesha kwamba amechoka. Watu walisimama mezani kwake wakiwachezesha, wakicheka, kisha wakanunua kitana na kwenda zao. Wala hakuvunjika moyo, kwa sababu furaha aliyoipata kiwiko kilipokunjika sawasawa hakuwa ameipata kwenye biashara yoyote.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri hivyo. Makochi ya sponji kutoka Mbeya yalikuwa yameingia kila sebule, na hakuna aliyetaka tena viti vya mzee Lazaro, vizito vya kudumu mpaka kwa wajukuu. Fundi mmoja wa Kiwira alikuja, akaizunguka karakana, wakakubaliana kwamba baada ya Pasaka atakuja na gari kuchukua vyombo vyote, randa, misumeno na patasi. Mzee alisema atapumzika. Mama Atuganile, mkewe, alimsimulia Tusekile jambo hilo jikoni huku akimenya ndizi, na akaongeza kwamba tangu wakubaliane mumewe hali chakula, anakiangalia tu. Tusekile aliumia. Mtu huyo hakuwahi kumtazama, lakini sauti ya randa yake ndiyo iliyomwamsha kila asubuhi ya ndoa yake, na hakujua nyumba ile ingekuwaje bila sauti hiyo.

Katika siku hizo hizo akatokea Esnath. Alikuwa mzaliwa wa Kinyala, jirani na mji, aliyefanya kazi ya uhudumu wa ndege miaka mingi, na kila nchi aliyotua alinunua mwanasesere. Kwake Dar es Salaam alikuwa na makabati yaliyojaa, na marafiki wenye ugonjwa kama wake, wakiandikiana na kubadilishana. Alikuja sokoni kutafuta kitana, akaona mchuma chai, na kitana akakisahau. Alimkunja, akamkunjua, akamkalisha, akamsimamisha. Kisha akalalamika mbele ya soko zima. Alisema katika makabati yake wanaume wana mikuki, wanapanda farasi, wanapiga ngoma, na viungo vyao vyote vinacheza. Mwanamke amesimama kama nguzo. Yule wa kwetu ndiyo kabisa, mtungi kichwani, mtoto mgongoni, goti halikunjiki.

“Mwanamke huyo atakaa lini?” aliuliza.

Akaagiza kundi zima. Wawe wa mti, maana migomba huoza. Wawe wembamba na wanene, wazee na wasichana, kila mmoja na kazi yake, na kila kiungo kicheze. Wakimpendeza, yeye na wenzake watakuwa wateja mwaka hadi mwaka, na kazi hiyo ingetosha kulisha karakana nzima.

Karakana nzima. Tusekile alirudi nyumbani karibu anakimbia. Mti laini wa jakaranda ulikuwepo, fundi alikuwepo, na kilichokosekana ni ruhusa ya kusemezana naye.

Njia ikapatikana. Tusekile alitengeneza mfano wa migomba na kuuacha juu ya jiwe mlangoni mwa karakana. Mzee akishasikia hatua zimeondoka, aliuchukua, akauchonga kwa mti, akaurudisha juu ya jiwe na kukohoa. Marekebisho yalipitia kwa Mama Atuganile, ambaye hakupenda kumuudhi mtu. Tusekile akisema magoti yamekaza mno, mama mkwe alifikisha kwamba mkwe amefurahi fijo, yaani sana, magoti yana nguvu ajabu. Mzee akasifiwa hivyo, akazidi kuyakaza. Hata hivyo kazi ilikwenda. Sauti ya randa ikarudi asubuhi, na mzee akaanza kuomba nyongeza ya ndizi.

Esnath alirudi kabla ya Kwaresima kuangalia. Wanawake walipangwa kwenye mkeka: mchuma chai, mwimba kwaya, mpakia ndizi, mpanda baiskeli, mkunga na mjamzito wake, bibi wa ngomani, mchezaji wa netiboli mwenye mikono juu na mpira vidoleni. Aliwachezesha mmoja mmoja akitabasamu, kisha tabasamu likaanza kugeuka. Akainama chini kabisa kumtazama mchezaji usoni, akaangua kicheko mpaka akashika mbavu.

Wote walitazama chini. Si mchuma chai tu, ambaye angesamehewa. Mwimba kwaya alimwimbia kifua chake. Mpanda baiskeli alielekea kugonga mti. Mchezaji wa netiboli, mpira uko juu, alitazama vidole vyake vya miguu. Mabega yalicheza, viuno vilicheza, na shingo zilikuwa zimepigwa kijiti, hazigeuki kushoto wala kulia.

Esnath alipomaliza kufuta machozi alisema kwa upole kwamba hawezi kuwachukua hivyo. Wenzake wangesema ni walewale wa zamani, wamefundishwa kuinama tu. Atakuja tena Jumatatu ya Pasaka. Wakiwa wameinua uso, atawachukua wote na kuagiza wengine. Wasipoinua, basi, hatamsumbua mtu tena.

Tusekile alijua papo hapo kilichotokea, na aliona aibu kwa kutokigundua mapema. Wanawake wale walitoka mkononi mwake. Kwa mzee Lazaro walikuwa kama yeye mwenyewe. Angewezaje kukaa nao kutwa nzima juu ya meza ya kazi, wakimkodolea macho?

Alimwomba Mama Atuganile apeleke ujumbe. Mama mkwe alishtuka. Amwambie mumewe atengeneze mwanamke wa kumtazama baba mkwe wake? Tusekile akambembeleza, naye mwishowe akaenda, akazunguka maneno weee, akasema mteja anataka shingo zionekane zaidi. Mzee akazirefusha. Siku chache baadaye juu ya jiwe alisimama mpakia ndizi mwenye shingo ya korongo, anatazama chini kutoka mbali zaidi.

Tusekile alicheka, kisha akalia kidogo, maana Pasaka ilikuwa inakuja na gari la Kiwira nyuma yake. Godwin alipokuja Jumapili alisema shughuli hiyo ni ya karakana, yeye ni mtu wa makaa. Basi Tusekile akapiga moyo konde. Asubuhi ya mvua, mama mkwe akiwa kanisani, alikwenda nyuma ya karakana, upande wa ukuta wa mbao, akasimama na kuupa mgongo. Chini ya paa palikuwa na kuku aliyejikinga mvua. Tusekile akakohoa. Ndani randa ikasimama.

“Wewe kuku,” alisema, “ungekuwa na mdomo wa kusema ungewaambia wenye kazi kwamba wanawake wale wanataka shingo zinazogeuka. Wanataka kutazama mbele.”

Mvua ilipiga juu ya bati. Tusekile alianza kuondoka, ndipo ikasikika sauti ambayo hakuwahi kuelekezewa tangu aolewe, nzito, ya taratibu.

“Wewe randa,” mzee alisema, “umesikia mambo hayo? Tangu lini kitu kilichotoka kwa mkwe kikamtazama mzee machoni?”

“Kuku, waambie hawatamtazama mzee. Watakwenda mbali, kutazama watu wa huko. Wakifika wameinamisha kichwa, watu watadhani wametumwa kuomba msamaha.”

Kuku mwenyewe alichoka, akaenda zake mvuani.

“Randa,” mzee akasema mwishowe, “hawakufanya kosa lolote hawa. Ndaga, nashukuru.”

Na randa ikaanza kulia tena.

Tusekile alikimbilia jikoni akacheka mpaka akakaa chini. Alikuwa amezungumza na baba mkwe wake na mbingu haikuanguka, maana aliyezungumza alikuwa kuku.

Siku zilizofuata mzee hakurudisha kitu juu ya jiwe, na Mama Atuganile alikatazwa kuingia karakana. Siku moja upepo ulisukuma mlango, na Tusekile akipita aliona kwa mbali. Mzee hayupo. Juu ya meza ya kazi walisimama wanawake wote, wamenyooka, shingo zao zikikaa juu ya gololi za mti zilizozunguka pande zote, na kila mmoja amefungwa kitambaa machoni. Mzee alikuwa amechana kanga kuukuu ya mkewe vipande vipande. Amewainua uso, lakini yeye asitazamwe. Tusekile alitamani kumkumbatia mtu ambaye hakuruhusiwa hata kumsalimu.

Jumatatu ya Pasaka Esnath alifika. Mzee alikohoa, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kukaa migombani. Tusekile akavifungua vitambaa kimoja kimoja. Mchezaji wa netiboli aliutazama mpira wake. Mpanda baiskeli aliiona njia. Mkunga aligeuza kichwa kumsikiliza mjamzito, na bibi wa ngomani alitupa uso nyuma akicheka kwa meno mawili. Safari hii Esnath hakucheka. Alikaa chini mkekani kama mtoto, akawageuza waangaliane, kisha akamwangalia Tusekile na kusema anataka wengine, na wengine tena. Walipotoka kusindikizana barabarani, Tusekile alijikuta anaimba kwa sauti, hata hakujali kama anasikika migombani. Alikuwa na furaha na alitaka ijulikane.

Gari la Kiwira lilipokuja wiki ile, Mama Atuganile alilipokea kwa chai na maandazi, na likarudi tupu.

Kesho yake asubuhi kikohozi kilisikika mlangoni mwa karakana. Tusekile alipokwenda akakuta mwanamke mmoja juu ya jiwe, ambaye hakuwa ameagizwa na mtu. Alikaa kwenye kigoda, magoti yamekunjika vizuri kuliko yote, mkono mmoja ameshika kisu na mwingine ameshika mwanasesere mdogo kama punje ya maharage. Kanga yake ilichongwa mikunjo yote. Shingo iligeuka. Uso peke yake haukuchongwa, ulikuwa laini kama yai. Pembeni yake ilikuwa patasi ndogo ya mzee, ile ambayo Godwin alichapwa utotoni kwa kuigusa.

Kutoka ndani mzee alisema bila haraka, “Randa, mwambie kuku uso amalizie mwenyewe. Mimi siujui.”

Tusekile hakwenda sokoni siku hiyo. Alitundika kioo kimoja cha biashara dirishani, akachonga, akakwaruza, akapiga msasa. Alichonga paji lake pana, na mwanya wake, na kovu dogo la shavuni alilolipata kwa kuanguka mtini utotoni. Hakujipendelea, na macho aliyaweka wazi kabisa. Jioni akamrudisha mwanamke yule juu ya jiwe, akakohoa yeye safari hii, na kukimbia.

Alikaa jikoni bila kushika chochote. Mama Atuganile aliyekuwa amepeleka chai karakana alikawia, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

“Amemfunga kitambaa?” Tusekile aliuliza.

“Hapana, mwanangu,” mama mkwe alisema. “Amemweka mezani mbele yake. Wanatazamana tu.”