Marahaba, Maiti Yangu

Glavu zile zilinuka ngozi iliyolowa, mafuta ya nazi na uoga wa watoto. Ndiyo, uoga una harufu, na mimi niliijua mapema. Darasa zima la ngumi la Temeke lilikuwa na jozi mbili tu, zimejazwa sufi iliyoganda upande mmoja, na mtoto akimaliza zamu yake alizivua akamvisha mwenzake papo hapo. Kwa hiyo uliingiza mikono katika jasho la mtu mwingine, bado lina joto, ukatambua jinsi aliyekutangulia alivyoogopa kabla hata wewe hujaguswa. Mpaka leo nikifika karibu na kibanda cha fundi viatu, huvuka barabara nikapita upande wa pili.

Ilikuwa siku za Mwingereza, na Temeke bado ilikuwa na mashamba ya mihogo katikati ya nyumba mpya. Tulikuwa tumehama kutoka Tabora, ambako nililelewa na babu yangu, katekista, mtu asiyependa mizaha. Baba alikuwa karani wa reli. Alivaa suti hata kwenye joto la kuyeyusha mshumaa, na kichwani kofia ya pama ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata mama alipokuwa akipanguza vumbi. Watoto wa mtaani waliniita "wa bara", wakanisukuma mtaroni, nikarudi nyumbani nikilia. Baba hakunifariji. Jumamosi iliyofuata alinishika mkono akanipeleka kwenye ukumbi wa mikutano, kwa Mwalimu Kondo, askari wa zamani wa Keya, jeshi la Mwingereza, aliyejifunza ngumi vitani Burma. "Mfundishe huyu asilie," alimwambia, akaondoka.

Sikujifunza kutolia. Nilijifunza kulia bila sauti. Mwalimu Kondo alituzungusha kwenye sakafu ya saruji, pekupeku, akipiga makofi na kuimba hesabu za kijeshi, na mimi nilikuwa nikiomba moyoni mvua inyeshe, ukumbi uungue, mwalimu apatwe na homa, chochote kile. Niliyemwogopa kuliko wote ni Shabani, mtoto wa Kizaramo mwenye mabega kama ya mchukuzi wa bandarini. Alikuwa amemng'oa mwenzetu jino mbele ya macho yangu, kisha akaliokota kwa upole na kumrudishia. Ule upole ndio ulionitisha zaidi. Mwalimu alipotangaza kuwa kutakuwa na mashindano, Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mkuu wa wilaya, atakuja kutazama, na mimi nitapigana na Shabani, nilianza kuhesabu siku zilizobaki.

Bibi yake Shabani, Bibi Mwanahawa, alikuwa akikaanga vitumbua karibu na bomba la maji la mtaa wetu. Kila asubuhi mama alinituma huko. Kesho yake baada ya tangazo lile nilimwamkia kama kawaida.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, maiti yangu," akajibu, akigeuza kitumbua. "Umekondaje weye Mnyamwezi! Jumamosi mjukuu wangu akishakumaliza, n'takuzika mie kwa mikono yangu. Kaburi nimeshalipima."

Nilikimbia nyumbani na ndoo tupu. Nikamweleza mama, nikitarajia atamwendea juu yule bibi kwa hasira. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwambie atangulie yeye, huyo mla nazi. Mimi ndiye nitamwosha!" Nikaona basi, wameshakubaliana. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, kwamba mtani hukutukana bila kugombwa, hukunyang'anya kitu chako ukacheka, na msiba ukitokea ndiye anayekimbilia kuchimba. Nilichosikia mimi ni bibi anayesema ataniua, na mama mzazi anayefurahi.

Tangu siku hiyo chakula hakikupita. Nikienda bombani, Bibi Mwanahawa alinyoosha mkono akanipima kwa shubiri, kutoka utosini mpaka kisigino, akitikisa kichwa na kunong'ona kwamba udongo wa Temeke ni mgumu, ataanza kuchimba mapema. Wanawake kwenye foleni wakacheka. Nilimwomba baba anitoe kwenye mashindano. Akavaa kofia yake, akaenda kazini.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Bwana Shauri alikaa mbele kwenye kiti cha mkono, baba nyuma yake kidogo, wima, kofia magotini. Nilivishwa glavu zilizotoka kwa mtoto aliyepigwa, zimelowa ndani, nikaingia ulingoni, katikati ya kamba. Ndipo nilipomwona Bibi Mwanahawa akiingia mlangoni na jembe begani na pande la bafta nyeupe mkononi, akilia kwa sauti ya matanga: "Uwii, Mnyamwezi wangu! Kafa kijana angali mbichi!" Watu wakaangua kicheko. Mimi nilitazama ile bafta tu. Nilijua ni sanda, na nilijua ni ya nani.

Shabani alinipiga tumboni, kisha sikioni. Ukumbi ukajaa mlio wa nyuki. Sikuinua mikono, maana sikuona sababu ya kumsumbua mtu aliyetumwa kuniua. Ngumi ya mdomoni ikaniangusha. Nilionja damu na vumbi la saruji, nikamsikia Mwalimu Kondo akihesabu, na nikasikia sauti ya baba kwa mbali ikisema, "Simama! Simama, mwanangu!" Nikaanza kusimama. Hiyo ndiyo hofu kubwa kuliko zote nilizowahi kuzijua: kwamba mwili wangu ulikuwa unamtii, na Shabani alikuwa ananingoja.

Bafta ikanifunika uso. Bibi Mwanahawa alikuwa amepita chini ya kamba, akanilaza na kujilaza kando yangu, mkono wake mzito juu ya kifua changu. Alinuka moshi na iliki. "Maiti hii yangu!" akapiga kelele. "Hainyanyuki mpaka wenyewe waikomboe!" Kisha, kwa sauti ndogo niliyoisikia mimi peke yangu, akasema: "Tulia, baba. Usiinuke. Yamekwisha."

Bwana Shauri aliuliza huyu mwanamke ni nani na kwa nini haondolewi. Mwalimu Kondo, Mzaramo mwenyewe, alipiga saluti akasema amri hiyo haiwezi, mtani hanyanyuliwi, hukombolewa. Watu wote wakamgeukia baba. Nikachungulia pembeni ya bafta. Baba alisimama, akaja mpaka kwenye kamba, akampa bibi kofia yake ya pama. Bibi akaivaa, akasimama, akaniinua. Baba alicheka, machozi yakimtiririka, akanibeba mpaka nyumbani mbele ya watu wote. Ushindi alipewa Shabani. Mimi sikurudi tena darasani, na hakuna aliyenilazimisha.

Bibi Mwanahawa aliendelea kukaanga vitumbua na kofia ile kichwani. Alipofariki, nikiwa mtu mzima mwenye watoto, nilikwenda nikajilaza mbele ya jeneza lake, nikasema halipiti. Shabani, mabega yale yale, akaniambia, "Mtani, tupishe." Nikakataa mpaka akaingia ndani na kuniletea ile kofia, imeliwa na mende ukingoni. Ndipo nikampisha, nikaenda kufukia.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mjukuu wangu kwenye mashindano ya karate, huko huko Temeke. Wana nguo nyeupe safi, kinga za kichwa, daktari pembeni, na kila mtoto ana glavu zake. Vyote hivyo ni vizuri, nasi tungevipata tungeshukuru. Kuna mstari mwekundu sakafuni, na tangazo kwamba mzazi akiuvuka mtoto wake ameshindwa. Wazazi walikuwa wakipiga kelele, "Simama! Simama!", simu zimeinuliwa. Mjukuu wangu alinigeukia, na nikayaona macho yale ninayoyajua. Nikatazama kila kiti, safu kwa safu, nikimtafuta mtani mmoja tu wa kumtukana mjukuu wangu. Hakuwepo. Basi nikavua kofia yangu, nikauvuka ule mstari.