Wegesa Alivyojisifu Mbele ya Mwenye Mpaka

Watu wa Rongo husema mimi ndiye niliyemfundisha Wegesa Maroa kuongea. Waongo wakubwa. Mimi nilimpa maiki tu. Maneno alikuja nayo mwenyewe kutoka Sirare, upande wa Tanzania, siku alipovuka mpaka wa Isebania kuja kusoma ualimu katika chuo chetu hapa.

Mimi ni Phanice, lakini ukiuliza Phanice hapa sokoni utazungushwa. Uliza Mama Austine wa mahema. Nakodisha mahema, viti vya plastiki na spika mbili ambazo zikifunguliwa mbwa wa vijiji vitatu wanabweka. Harusi, matanga, mtoto amepita mtihani, popote watu wanapokaa wakala, viti ni vyangu. Miaka kumi na moja sasa.

Wegesa nilimjua kwa sababu ya sahani. Wanafunzi wa chuo, yawa, wananusa pilau wakiwa bwenini! Jumamosi moja, kwenye harusi, namwona msichana mrefu, mwembamba, amekaa kwenye kiti changu, na sahani yake ni kilima. Nikamuuliza kama ni wa upande wa bibi harusi au wa bwana harusi. Akameza kwanza.

"Shikamoo mama," akasema. "Mimi ni wa upande wa njaa."

Nilicheka mpaka nikashika nguzo ya hema.

Siku hiyo hiyo MC wangu, Odhiambo, alikuwa amekunywa ya sherehe kabla ya sherehe. Akamwita bibi harusi kwa jina la msichana mwingine, na huyo mwingine alikuwepo, amekaa safu ya tatu. Wajomba wakaanza kuvua makoti. Wegesa akaweka sahani chini, akachukua maiki akasema, "Ndugu waalikwa, naomba utulivu wenu." Naomba! Utulivu! Sisi huku tumezoea "Hebu mnyamaze huko nyuma!" Watu walinyamaza utadhani ni taarifa ya habari. Wajomba wakavaa makoti yao tena.

Jumatatu nilimfuata chuoni, nikamwambia awe MC wangu kila Jumamosi, kwa malipo. Uso ukang'aa, halafu ukazima. Akafungua begi akanionyesha pasi yake ya mwanafunzi.

"Mama, huku mimi ni mgeni. Shangazi zangu watatu wako upande huu wa Kenya, lakini mimi ni mgeni. Pasi hii inaniruhusu kusoma, hainiruhusu kazi. Wakinikamata wanaifuta, narudi nyumbani bila digrii."

"Kazi iko wapi hapo?" nikamjibu. "Kazi ni jembe. Kazi ni kuvunja mawe. Wewe utasimama kivulini, utaongea, utakula, na utawabebea wenzako chakula. Hiyo ni kazi?"

Maneno hayo niliyasema mimi, kwa mdomo huu huu. Siyakani. Baba yake, mzee Maroa, alikuwa analima tumbaku, na mwaka huo tumbaku ilikuwa imemnyima. Mtoto alikuwa anakula mara moja kwa siku. Alitazama pasi, akanitazama mimi, akakubali.

Na alivyoweza, wacha nikuambie! Awendo, Oyugis, Kendu Bay, Homa Bay mjini, kote tulizunguka. Dholuo, lugha yetu ya huku, akaidaka baada ya miezi michache. Watu wakaanza kuahirisha harusi kwa ajili yake. "Nyar Sirare yuko?" wananiuliza kwa simu, maana yake binti wa Sirare. "Hayuko wiki hii? Basi tutaoana mwezi ujao." Aliongeza mwili, akanunua viatu, akamtumia baba yake mbolea. Mimi nikaongeza hema la tatu.

Sasa, kama hujawahi kufika kwenye sherehe za huku kwetu, lazima nikueleze pakruok, la sivyo hutaelewa balaa lenyewe. Muziki ukishanoga, mtu anatupa sarafu au noti kwenye beseni, na muziki unasimama. Amenunua kimya. Hakuna ruhusa ya kumkatiza mpaka amalize kujisifu. Mwenye baiskeli anasema ana ndege. Hakuna anayebisha, hakuna anayeamini. Na mtu akikusifu au akijisifu mbele yako, heshima ni kumjibu kwa makali zaidi.

Basi Agosti, Wegesa akiwa amebakisha semista moja tu, tukaenda Kosele. Binti mmoja, Joyline, alikuwa anaolewa. Shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, alikuwa Mkisii mnene, mpole, anaitwa Bichage, amekaa na suti ya kijivu anakunywa soda. Mashemeji wakamchokoza: jisifu, jisifu, au Wakisii hawana mdomo? Mwishowe akatoa noti, akasimama, na wuololo! Kumbe upole ule ulikuwa kifuniko cha sufuria.

"Mimi Bichage! Mwenye ng'ombe ambao benki imeshindwa kuwahesabu! Jana nimenunua Kosele, leo nanunua Oyugis, kesho mtanilipa kodi ya kupumua! Mimi mwenye mpaka wa Isebania! Nikikohoa, malori yanasimama! Hakuna aingiaye Kenya mimi nisijue!"

Hema likavuma. Wegesa damu ikamchemka. Alikuwa amesikia ng'ombe wasiohesabika, kwa hiyo na mpaka akaupeleka huko huko kwenye uongo. Akatupa sarafu yake mwenyewe kwenye beseni.

"Mimi Wegesa binti Maroa! Ewe mwenye mpaka, ulikuwa umelala wapi nikipita? Nimeingia na pasi ya mwanafunzi. Pasi inasema soma! Nasoma wiki nzima, na Jumamosi nafanya kazi mchana kweupe! Nalipwa, nashiba, na mwenye mpaka amekaa pale ananipigia makofi!"

Watu walipanda juu ya viti. Viti vyangu! Mimi mwenyewe nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Ndipo mke wa Bichage akaniinamia sikioni.

"Mama Austine," akasema, "mume wangu hana ng'ombe hata mmoja. Lakini mpaka ni kweli. Ni ofisa wa uhamiaji."

Vigelegele vilinirudi kooni.

Jioni, tukipanga viti, Bichage akaja, soda mkononi, mpole kama mwanzo. "Dada, Jumatatu saa tatu asubuhi, ofisini Isebania. Uje na pasi yako." Akashukuru kwa chakula, akaenda.

Jumapili nilienda kanisani, lakini mahubiri yalikuwa ya nini, sijui. Baada ya ibada nikamkalisha Wegesa. "Utasema ilikuwa pakruok tu. Nani amewahi kushtakiwa kwa kujisifu?"

"Lakini mama, nilichosema ni kweli."

"Ndio ubaya wake!"

Akacheka kidogo, halafu akanishika mkono. "Semista moja, mama," akasema. "Moja tu."

Bichage wa ofisini hakuwa Bichage wa Kosele. Sare, kalamu, uso wa chuma. Alichukua pasi ya Wegesa akailaza mezani karibu na mhuri. "Yale uliyosema kwenye harusi," akauliza, "ni kweli?"

Wegesa akafungua mdomo. Msichana anayewanyamazisha watu mia nne, neno halikutoka. Yalitoka machozi. Nami pale nikaona miaka minne ya mtoto wa watu imelala juu ya meza, kwa sababu mimi nilitaka hema la tatu. Niliona aibu, aibu ya kweli, ya kuchoma masikio.

Sijui nini kilinipanda. Nilifungua fundo la leso, nikatoa sarafu ya shilingi ishirini, nikaigonga mezani. Pa!

Karani alibaki na kikombe cha chai mdomoni. Bichage aliitazama ile sarafu kama mtu aliyeona nyoka kwenye kiatu.

"Mama," akasema polepole, "hii ni ofisi ya serikali. Unanihonga? Kwa shilingi ishirini?"

"Nani anakuhonga? Nanunua kimya! Usinikatize!" Nikasimama, nikajifunga leso kiunoni. "Mimi Phanice, mama yake Austine, mwenye mahema matatu! Mimi niliyekutana na mtoto mwenye njaa, nikauona mdomo wake, njaa sikuiona! Mimi niliyeonyeshwa pasi nikasema kuongea si kazi! Aliyemwajiri ni mimi, aliyemlipa ni mimi, aliyenona ni mimi! Kama kuna wa kufungwa, tafuteni seli pana, maana nakuja na viti vyangu!"

Karani ndiye aliyeanza. Chai ilimtoka puani. Kisha mlinzi wa mlangoni, kisha mabwana wawili waliokuja kugongewa mihuri. Bichage akauma mdomo, akaangalia dari, mabega yakaanza kumtikisika.

"Ondoa pesa yako mezani, mama, kabla hatujafungwa sote wawili," akasema alipoweza kupumua. Halafu akamgeukia Wegesa, na safari hii hakucheka. "Binti, Kosele nilikuwa shemeji wa watu. Nikisema maneno ya pale ni ushahidi, itabidi na mimi nilete ng'ombe wangu wahesabiwe. Lakini sasa nimesikia. Jumamosi ijayo ukishika maiki kwa malipo, masikio haya yatakuwa ya afande. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, afande. Nashukuru sana."

Akamrudishia pasi. "Na wewe mama, ukitaka MC, Migori imejaa vijana wenye vitambulisho vya Kenya."

Wegesa hakushika maiki tena. Nilimrudisha Odhiambo, Mungu anisaidie. Lakini kila jioni ya semista ile Wegesa alikula kwangu, ugali na samaki, bure. Siku moja nikamkuta anaosha vyombo. "Weka sufuria chini!" nikampigia kelele. "Unataka nifungwe?" Tukacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Hata kufagia nilimkatalia.

Desemba akafuzu. Sherehe ikapangwa kwao Sirare, nami nikapakia mahema yote matatu kwenye lori. Pale mpakani, nani amesimama? Bichage.

"Mama Austine, unaenda kufanya kazi Tanzania? Kibali kiko wapi?"

"Sina kibali kwa sababu sina kazi," nikamwambia. "Naenda kama mzazi. Sichukui hata senti."

"Wewe wa kukodisha mahema, leo bure?" akasema. "Hiyo nayo ni pakruok?"

"Hii ni kweli, shemeji."

Akatupisha.

Kwa mzee Maroa kulijaa watu mpaka kwenye tumbaku. Wegesa alikuwa kwao, hakuna wa kumuuliza pasi, na alishika maiki kutwa nzima akiwa na joho lake jeusi. Jua lilipopoa akatupa sarafu kwenye beseni. Muziki ukasimama.

"Ndugu waalikwa, naomba utulivu wenu. Mimi mwalimu Wegesa, mwenye mama wawili! Mmoja yuko jikoni ananipikia. Mwingine ametoka Rongo. Ninyi mnaona ana mahema matatu. Mimi nimemwona akiwa na shilingi ishirini na mdomo wake tu, akaviweka vyote viwili mezani ili mimi nisome!"

Akaja akanipa maiki nijibu. Ukisifiwa unajibu kwa makali zaidi, nimeshakueleza. Watu wote wa Sirare wamenigeukia. Nikaishika, maiki yangu mwenyewe, ninayoikodisha miaka yote hii.

"Testi," nikasema. "Testi, moja mbili."

Nikakaa chini nikalia, na muziki ukaendelea.