Mbawakavu Wasio na Mkia

Wakati wa Mdachi, mwaka ule niliofiwa na mke wangu, kazi yangu ilikuwa kukamata wadudu. Watu wa Morogoro walinicheka mpaka wakachoka. Mwanamume mzima, na ndevu zake, anatembea na wavu mweupe akinyatia maua! Waliocheka hawakuijua kazi yenyewe. Mbawakavu aliowataka yule Bwana, Mdachi aliyeniajiri, walikuwa wadogo kama punje za ufuta, weusi, wamepinda mgongo, na nyuma wana ncha kama mwiba. Ukiwagusa hawaruki kama wadudu wenye adabu. Wanajibiringisha, wanapinduka kichwangomba, wanakuponyoka vidoleni na kupotelea majanini, wewe umebaki na ua lako.

Siku za kwanza nilifanya kosa ambalo Mluguru yeyote angelifanya. Wadudu wa bonde moja niliwatia chupa moja, wa bonde la pili chupa yao, bila kujali sura. Kwetu milimani kila bonde lina wenyewe, na wenyewe ni lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama. Ukitaka kumjua mtu, unauliza ardhi ya mama yake iko wapi. Niliona nimefanya kazi safi kabisa. Bwana alitoa mdudu chupa hii na mwingine chupa ile, akawalaza pamoja, uso umemwiva kwa hasira. Mahali nipakumbuke, alisema, lakini mahali hapafanyi jamaa.

"Tazama mwili. Mkia huu. Kichwa inama hivi. Hawa jamaa moja, jina Mordella."

"Na mama yao, Bwana?"

"Mama hapana. Mwili!"

Nilirudi nyumbani nikamtazama binti yangu kama sijapata kumwona. Ndiyo kwanza alikuwa anang'oa meno ya utoto. Paji la uso langu, mwanya wangu, hata kutembea kwa kuburuta mguu kama mimi. Tangu tulipomzika mama yake nilijua mjomba wake angeshuka kutoka Mgeta kuja kumchukua, maana kwa mila yetu mtoto ni wa kwao mama. Majirani zangu Waislamu walisema mtoto ni wa baba. Padri naye alisema vivyo hivyo. Sasa hata wadudu walikuwa upande wangu, na usiku ule nililala usingizi mnono.

Furaha yenyewe haikudumu. Siku moja nilimtupa mbawakavu mmoja kwa sababu hakuwa na mkia. Bwana alimwokota, akamtazama kwa kioo chake, akamweka pamoja na wenye mikia.

"Lakini hana mkia, Bwana!"

"Hana. Ni jamaa yao tu."

Kisha akamchukua mwingine, mwenye kibyongo safi na ncha nyuma, akamtoa nje. Huyu si wao, alisema, amefanana nao tu. Nikamwuliza mwili basi ni kitu gani. Akajikuna kichwa, akakiri kwamba hata wenye elimu huko Ulaya wanabishana, na huenda kesho wakampeleka kwingine yule asiye na mkia. Nilikasirika, nasema kweli. Mtu mzima ananifokea kwa jambo ambalo yeye mwenyewe hana hakika nalo! Na mimi nilikuwa nimemtegemeza mwanangu juu ya elimu hiyo.

Shemeji yangu, huyo mjomba wa mtoto, alifika na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Tulipokwisha kula nilimwita binti yangu, nikamsimamisha mbele yake.

"Shemeji, mtazame. Paji langu, mwanya wangu. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Alimtazama, akacheka. "Hata kipofu angejua wewe ndiye baba. Lakini na wewe, shemeji, wanasema umefanana na baba yako mno. Shamba unalolima kule Mkuyuni ni la nani?"

Lilikuwa la kwao mama yangu.

Asubuhi nilimpeleka mtoto kwa Bwana. Neno moja la Mdachi lingetosha kumrudisha shemeji milimani mikono mitupu. Bwana alimwangalia mtoto, akaniangalia mimi, akapiga makofi. "Sawasawa kabisa!" Nilichotakiwa ni kumwomba aje aseme hivyo mbele ya shemeji, basi. Sikumwomba. Sikujua kama ningekuwa nadai changu au naiba, na mpaka leo sijui. Nikamshukuru, nikaondoka.

Tukapanda Mgeta pamoja, shemeji mbele, mtoto katikati, mimi nyuma na mzigo wake wa nguo. Njiani kila kitu kilinichanganya: mara namwona mwizi mbele yangu, mara namwona mjomba wa haki kama mjomba wangu aliyenilea. Karibu na kwao tuliwakuta wanawake wakiteka maji kijitoni.

"Wewe ni wa nani, mama?" wakamwuliza mtoto.

Akaitaja lukolo ya mama yake bila kusita, jinsi mama yake alivyomfundisha. Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akampakata.

"Na wewe, baba?"

Nikaitaja lukolo ya mama yangu.

"Karibu, mgeni," wakasema.