Mgongo Wangu na Dobi wa Gulwe

Siku moja naikumbuka kuliko hata siku niliyooa, na bibi yenu akisikia haya atanisamehe, maana bila siku ile nisingempata. Zilikuwa zama za Wadachi, mwanangu, reli ilipokuwa ikitambaa kutoka pwani kuja kwetu Ugogo. Nilikuwa kijana wa nguvu. Nikipiga chafya, mbuzi wa kijiji kizima walikuwa wakisimama kunisikiliza.

Pale kambi ya reli ya Gulwe, wenzangu walibeba mataruma, yale mapande ya chuma yanayolazwa chini ya reli, wawili wawili. Mimi niliona wasichana wanapita na vibuyu vyao, nikatangaza kwamba langu nitalibeba peke yangu. Nikalinyanyua. Nikapiga hatua. Kiunoni kikalia kitu kama tawi kavu, nikalala chini na taruma langu, na wale wasichana wakapita bila hata kunicheka, jambo lililoniuma kuliko mgongo wenyewe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mimi nilijisifu mwenyewe, nikalitia maji mwenyewe.

Sasa sikia shida yake. Kiangazi kile mto Kinyasungwe ulikuwa mchanga mtupu, na ng'ombe tuliwanywesha kwa kuchimba kisima humo humo mchangani. Mtu mmoja anasimama shimoni, anainama, anachota, anampandishia mwenzake juu. Baba alikuwa na mwana mmoja tu wa kiume, ndiye mimi, na mimi sikuweza kuinama hata kuokota kiatu, ingawa kiatu chenyewe sikuwa nacho. Baba akawa anashuka mwenyewe. Akitoka, magoti yalimtetemeka kama ya ndama wa siku moja.

Jioni moja akaniambia, "Mwanangu, mwezi huu ukifa, ng'ombe wanakwenda kwa mjomba wako Kolo. Huko kuna maji. Mimi nimechoka."

Ng'ombe akishalala miaka miwili zizi la mtu, hata yeye mwenyewe husahau bwana wake. Na katika kundi lile walikuwamo wote wa mahari yangu.

Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa mto asubuhi, nikijionea huruma, nilipomwona Mhindi mmoja amesimama juu ya kichwa chake. Miguu iko juu, imetulia kama nguzo za tembe. Alikuwa Ramji, dobi wa kambi, mzee mwenye ndevu nyeupe. Nilimfahamu: kutwa nzima aliinama akipiga nguo za Wadachi juu ya jiwe, na jioni alitembea amenyooka kama mkuki.

Nikangoja ateremke. "Fundi, umepatwa na nini?"

"Sijapatwa na kitu. Ni yoga. Mgongo wangu unafanya kazi kutwa, asubuhi naushukuru." Akanitazama ninavyojiinua kwa mikono. "Wako nani kauvunja?"

"Taruma."

"Taruma halina ugomvi na mtu. Njoo kesho."

Mwanangu, nikajiandaa kama ninayekwenda kuposa. Nilijipaka samli na udongo mwekundu toka utosini hadi unyayoni. Nikavaa nyaya zangu zote za shaba. Nikabadilisha jogoo kwa mkanda mkuukuu wa askari, wenye bizimu kubwa la chuma kama sahani, nikidhani ndio utakaoshika mgongo. Na chini nikatandika ngozi mpya ya fahali, niliyoipaka mafuta mpaka ikang'aa.

Ramji akanizunguka, akaninusa. "Kijana, umekuja kunyoosha mgongo au kuoa?"

"Vyote viwili," nikamjibu, na sikuwa nadanganya.

Akaniambia nipige magoti, niweke viganja chini, niinue kiuno. Kiganja kikateleza kusini, goti likateleza kaskazini, bizimu likanichimba kitovu, nikatoka juu ya ngozi ile kama kambare mkononi mwa mtoto. Ukingo ule ulikuwa na mteremko. Nadhani ningefika Morogoro kama mchanga usingenizuia. Ramji alicheka hadi akakaa. Kisha akanipa kitambaa nijifute, akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo:

"Kifaa kizuri ni kile unachokisahau ukianza kazi. Hiki chako kinataka kikumbukwe."

Kesho yake nikaja na shuka fupi niliyoifunga katikati ya miguu, bila mafuta, bila shaba. Nikaleta ngozi kuukuu ya ndama aliyolalia mama yangu miaka mingi, laini, manyoya juu, isiyoteleza. Tukaanza na pumzi.

"Pumua," akasema.

"Fundi, napumua tangu nizaliwe."

"Hapana. Tangu uzaliwe unakimbia tu, na pumzi inakufuata nyuma. Leo itangulie yenyewe, wewe uifuate."

Habari zikamfikia baba, na zilifika zimenenepa njiani. Watu walisema yule Mhindi anawaonyesha mawingu nyayo zake, ndiyo maana mvua imekasirika, na mwana wa fulani naye anajifunza kuipiga mateke mbingu. Baba akaja mtoni na fimbo yake.

"Mwaka huu wingu halijatutembelea," akamwambia Ramji, "na wewe unalitolea miguu?"

Mimi nikafungua mdomo kumtetea mwalimu wangu. Ramji akaninyamazisha kwa jicho. Akaunganisha viganja kifuani, akainamisha kichwa. "Mzee, hapa ni kwenu. Kama miguu yangu juu inawatia hofu, nitaisimamishia ndani ya kibanda changu. Kijana wako hahitaji hilo. Mgongo wake unataka kulala chini na kujikunja polepole."

"Na akijikunja anamwomba nani?"

"Mimi naomba kwangu. Yeye na aombe kwenu. Mgongo hauna kabila, mzee."

Baba akakaa juu ya jiwe, akatazama mpaka mwisho. Siku iliyofuata alirudi na kibuyu cha maziwa ya mgando, akakiweka mbele ya Ramji bila neno. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lakini mwezi ulikuwa unakonda, na mimi nikaingiwa na haraka. Siku moja nikajilazimisha kugusa vidole vya miguu kwa nguvu zote, nikalia kwa maumivu. Ramji hakunipa pole.

"Unashindana na nani hapa? Mchanga? Uliumia kwa sababu ulibeba kwa macho ya watu. Sasa unataka kupona kwa macho ya watu?"

Niliona aibu, mwanangu, nikatamani kisima kinimeze. Tangu siku hiyo nilijikunja pale mwili uliponiruhusu, nikapumua, nikangoja. Na mwili ukijua kwamba huupigi, hukufungulia mlango mmoja mmoja.

Ng'ombe walipokuwa karibu kuswagwa kwenda Kolo, nilimwomba baba anipishe shimoni. Akasita, akanipisha. Nikashuka peku, na shuka yangu fupi. Sikurusha maji kwa ubabe kama zamani. Nilikunja magoti, nikachota na pumzi ikiingia, nikapandisha na pumzi ikitoka. Nikachota, nikapandisha. Juu yangu nilisikia hori likijaa na ng'ombe wakivuta maji, sauti tamu kuliko ngoma yoyote. Kundi zima lilikunywa. Baba akachungulia shimoni.

"Uko hai?"

"Niko hai, baba."

"Basi mjomba wako atangoja sana," akasema. Ng'ombe wale ndio waliomleta bibi yenu.

Kambi ya reli ilisogea Dodoma na kupita, na Ramji akaenda nayo. Kila ninapoinama, namshukuru. Sikupata kumlipa, ila kwa kuwapa ninyi alichonipa.

Basi shika haya, mwanangu. Mwili ni mnyama wa kufugwa. Ukiuchapa utakukimbia, ukiuzoea utakubeba. Ukitaka kuuanza mchezo huu wa yoga, usianzie dukani. Nguo isiyokubana wala kukuning'inia, tandiko lisiloteleza, miguu mitupu, vito viache nyumbani, tumbo lisijae. Vilivyobaki ni pumzi, na hiyo haiuzwi. Usibebe mzigo ili uonekane. Ukiwa kwenye nchi ya watu, heshimu hofu yao, hata kama hujaielewa; na mgeni akija na elimu asiyoijua babu yako, mkaribishe kwanza, umpime baadaye.

Mungu akupe pumzi ndefu na goti jepesi. Akukutanishe na walimu mahali usipowatarajia, na siku ya uzee wako uiname mwenyewe, bila kushikwa mkono, kumnyanyua mjukuu wako.