Mlio wa Pili katika Duka la Simu la Mwingi

Siku niliyoanza kazi ya simu tulikuwa watano dukani. Alikuwepo Bwana Meneja, mwenye duka, ambaye wazee wake walitoka pwani zamani wakaja kuuza nguo hapa Mwingi. Alikuwepo Fundi Mutua, amesimama juu ya meza akivuta waya wa laini mpya. Alikuwepo mdogo wangu Idi, na sare yake ya shule, kwa sababu alitaka kuona naachwa mikononi mwa nani. Mariamu, kitinda mimba wetu, alikuwa mgongoni mwangu, amelala. Wa tano ni mimi, Zainabu, mkubwa wao.

Baba alifariki kabla Mariamu hajajua kukaa, na mama hakukawia kumfuata. Niliacha shule nikiwa darasa la saba. Bwana Meneja alikuwa akiswali safu moja na baba, basi akaniita. Duka lilikuwa lake, ufagio wake, funguo zake, lakini alitaka aitwe Meneja. Fundi Mutua akamtania kutoka juu ya meza, "Meneja wa nani, na uko peke yako?"

"Wa huyu," akasema, akininyooshea kidole. "Leo nimepata mtu."

Siku hizo simu ya mbali iliagizwa. Ulimpigia opereta wa mji mkuu, ukamtajia namba, ukakata na kungoja. Wateja walikaa kwenye benchi tangu asubuhi, wengine wakasinzia, na simu ilipolia wote waliamka pamoja kama walioota ndoto moja. Kazi yangu ilikuwa kumpeleka mwenye simu kwenye kibanda, kufunga mlango wa kioo na kuangalia mita, yaani kile kisanduku kilichohesabu muda wa maongezi. Nilijifunza kutosikiliza. Watu waliongea kwa Kikamba, kwa Kiswahili, kwa machozi, nami niliona midomo tu ikitembea nyuma ya kioo, kama samaki.

Baadaye opereta hakuhitajika tena, ukaweza kupiga mwenyewe hadi ng'ambo. Meneja akafungua tawi Sultan Hamud, akanipeleka huko chini ya Mama Msimamizi, mwanamke aliyevaa saa mbili kwa sababu hakuiamini hata moja. Wateja wetu wengi walikuwa madereva wa malori. Walipiga simu wakiwa wamesimama, mkono mmoja ukichezea funguo. Mama Msimamizi alinifundisha kuwapa kiti. Alisema dereva akikaa hukumbuka nyumbani, na akikumbuka nyumbani huongea.

Niliporudi Mwingi nikakuta namba za kutangulia. Nyinyi vijana hamkuzijua, basi nieleze. Laini iliyoingia dukani ilikuwa ya kampuni kubwa ya zamani. Lakini ilitokea kampuni nyingine, isiyo na nguzo wala waya, iliyosafirisha simu za nje kwa bei nafuu. Uliinua mkono wa simu, ukasikia mlio wa kawaida. Ukabonyeza tarakimu tatu za ile kampuni nyingine, ukangoja. Kikaja kimya kidogo, kisha mlio wa pili, mzito zaidi, kama mtu anayeguna ndani ya mtungi. Hapo ndipo ulipobonyeza namba ya nchi na ya mtu unayemtaka. Waya ulikuwa ule ule, lakini safari ilikuwa ya mwingine. Niliwaambia wateja ni kama kutoka kwa mlango wako na kupitia uani kwa jirani.

Ukiwa na haraka, ukabonyeza kabla ya mlio wa pili, namba ilikatwa kichwa na ukaangukia kwa mtu usiyemjua. Namba za dharura hazikupita huko. Tseikuru pia haikupita. Nilipotumwa huko kwa muda kusaidia duka la rafiki yake Meneja, tarakimu zile tatu zilikuwa kazi bure, maana ile kampuni ilifika Uarabuni lakini kituo cha simu cha Tseikuru haikukijua. Tulicheka sana. Wenye ng'ombe waliniuliza, hiyo kampuni yako inaogopa vumbi?

Tena simu ya kutangulia ilikuwa na kasoro mbili. Sauti ilichelewa, na sauti ilirudi. Ulisema neno, likaenda, likakaa mahali fulani angani, ndipo likafika. Na wakati mwingine ulijisikia mwenyewe ukirudia nyuma yako. Kinamama waliokuwa na watoto wao Ghuba walipiga kelele wakidhani ni umbali. Meneja aliwaambia, "Mama, pole pole. Simu ndiyo inayosafiri, wewe umekaa."

Niliwafundisha kuongea kwa zamu. Sema, kisha useme neno la kumaliza, kisha nyamaza. Kila mteja alichagua lake. Mzee mmoja alisema "haya". Bibi mmoja alisema "nimeketi". Nikazoea ule ucheleweshaji kama mama anavyozoea pumzi za mtoto aliyelala. Nikiwa mezani, bila kusikia maneno, niliweza kujua kimya kipi ni cha laini na kipi ni cha mtu.

Ndiyo maana siku ya uwakala wa Mariamu niliogopa kuliko wote.

Mariamu alikuwa amekua, na Saidi, kijana wa hapa hapa, alikuwa amemposa. Kwa dini yetu, baba akiwa hayupo na babu hayupo, walii wa msichana, mwenye haki ya kumwozesha, ni kaka yake. Idi alikuwa Ghuba akiendesha lori. Ilimpasa atamke, mashahidi wakisikia, kwamba anampa Mwalimu wa madrasa uwakala wa kumwozesha Mariamu. Ndoa yenyewe ilikuwa siku hiyo hiyo alasiri. Sufuria zilikuwa tayari motoni.

Nami nilijua jambo ambalo wageni hawakulijua. Mwezi uliotangulia Idi alitaka Mariamu amalize kwanza chuo cha ualimu. Tulibishana, akaniambia, "Dada, wewe umechoka, unataka kupumzika." Tangu hapo hatukuwa tumeongea vizuri.

Basi Mwalimu akaketi mezani pangu, mjomba wa Saidi kando yake, Meneja mlangoni. Mariamu alikaa ndani ya kibanda, mlango wazi. Nikatanguliza zile tarakimu, nikangoja mlio wa pili, nikapiga, nikabonyeza kitufe cha spika ili wote wasikie.

Mwalimu akauliza, "Idi, umenipa uwakala wa kumwozesha dada yako Mariamu kwa Saidi?"

Kimya cha laini kikapita. Kisha tukasikia, "Nime..." na sauti ikakatika. Kikaja kimya kingine, na hicho hakikuwa cha laini. Mwalimu akauliza tena. Ikawa vile vile: neno likaanza, likafa. Laini ikakatika yenyewe.

Mjomba wa Saidi akatazama viatu vyake. Alisema kwa upole kwamba huenda walii ana jambo moyoni. Mwalimu akanigeukia. "Kimya cha msichana ni idhini yake, mwanangu. Kimya cha walii hakina kitu. Siwezi kufunga ndoa kwa kimya."

Meneja akanivuta pembeni. Alinishauri tuseme laini ni mbovu, tujaribu wiki nyingine, na hakuna atakayeaibika. Alisema kwa huruma, na ilikuwa njia rahisi. Nikamtazama Mariamu kibandani, na hina mikononi, akiitazama simu ya ukutani kana kwamba ndiyo iliyomkataa.

"Acha nipige moja kwa moja," nikamwambia Meneja.

"Bila kutangulia?"

"Bila kutangulia."

Simu ya moja kwa moja, kwa ughali wake, dukani kwetu ilikuwa ya misiba tu. Akanitazama. "Huko sauti haina pa kujificha. Ukisikia hapana, umeisikia."

"Najua."

"Basi piga."

Nikapiga. Hakukuwa na mlio wa pili. Idi akapokea, na sauti yake ikawa karibu mno, kama yuko chini ya meza. Nikamwambia, "Idi, hii ni laini safi. Ukinyamaza sasa, tutajua umenyamaza."

Tulimsikia akivuta pumzi. "Dada, niombee radhi kwa Mwalimu. Kila nikianza kusema, namsikia baba."

Mwalimu akainua uso.

"Baba yetu," akasema. "Nikitoa neno, naye anasema nyuma yangu. Sauti yake kabisa, ile aliyokuwa akituita nayo jioni. Nikanyamaza nimwache amalize. Ningemkatiza vipi?"

Nilijua ni mwangwi. Nilijua ni yeye mwenyewe, kijana aliyeondoka hapa na sauti nyembamba, ikazidi kuwa nzito ugenini, na spika yetu ilikuwa ikimrudishia. Mwalimu naye nadhani alijua. Aliinama karibu na simu, akauliza, "Na sasa amemaliza?"

"Amemaliza."

"Alisemaje?"

"Vile vile nilivyosema mimi. Nimekupa uwakala, Mwalimu. Mwozeshe."

Mjomba wa Saidi akafuta macho kwa kofia yake. Nilidhani ndiyo mwisho, lakini Mariamu akatoka kibandani. Hakuwahi kumjua baba hata kwa sauti. Akainamia simu, akasema, "Idi, sema kitu. Chochote." Idi akamweleza alichokula asubuhi: mkate, maharage, chai isiyo na maziwa. Mariamu alisikiliza amefumba macho. Meneja akaja taratibu, akaigeuza mita uso wake ukatazama ukuta.

Nilipotaka nikatwe mshahara kulipia simu ile, alikataa. "Pesa hapana. Siku Idi atakaporudi, aje aniamkie hapa kwa mdomo wake. Simu hunyoa sauti. Mimi nilimjua baba yako, nataka niisikie sauti yake bila simu."

Simu za mkononi zilikuja, benchi likabaki tupu, vibanda vikauzwa vikawa kabati za duka la dawa. Sasa nimestaafu, kama mtu wa duka lililofungwa anaweza kusema amestaafu. Mariamu anafundisha Kathonzweni. Chuo alikimaliza akiwa na mume, na Idi ndiye aliyempigia wa kwanza kumpongeza. Mara nyingine natamani kile kimya kabla ya mlio wa pili, pale ulipokuwa umetoka kwako na hujafika kwa mtu.

Idi bado yuko Ghuba. Mkataba unafuata mkataba. Tunaonana usoni kwenye simu, ndevu zake zina mvi, na kila mwaka anasema ujao. Nilimpelekea Meneja simu hiyo aongee naye. Aliisukuma kwa upole, akasema alikwishataja sharti lake.

Juzi nilipita kumjulia Meneja hali. Haoni vizuri tena, lakini alinitambua kwa hodi. Akauliza kama Idi amekuja. Nikamwambia bado.

"Basi bado unadaiwa," akasema, na akamwambia mjukuu wake aniletee chai.