Mtoto wa Picha Nane

Mtaani walimwita Fundi Nukta, na hawakuwa wakimtania bure. Zamani alichora mabango ya saluni na maduka ya dawa kwa rangi ya kopo, mpaka mashine za kuchapa mabango zikaingia na unga wake ukamwagika. Mwingine angekaa kulalamika. Yeye alimwendea mdogo wake, mwenye kibanda cha kutengeneza kompyuta, akawekewa programu huria ya kuchorea. Ilikuwa ya bure, wala si ya wizi, kwa kuwa walioitengeneza wameiacha wazi, kila mtu aitumie na hata aichokonoe akitaka. Ndani yake mlikuwa na brashi za kila namna, za kuiga mkaa na rangi ya maji. Aliziacha zote. Alichukua ile ya nukta moja, akazima kile kinacholainisha kingo, akawa anajenga picha mraba kwa mraba, kama mtu anayepanga vigae. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, ingawa sidhani kama wahenga waliwahi kukodolea macho kioo cha kompyuta kutwa nzima.

Kazi iliyomtia matatani ilikuwa ndogo tu. Bwana mmoja mtengeneza magemu ya simu alitaka msichana mdogo mwenye begi la shule, anayetembea. Picha nane: ya nane ikiisha inarudi ya kwanza, na mtoto anaonekana anakwenda. Unapochora ya pili, programu inakuonyesha ile ya kwanza nyuma yake kwa rangi hafifu, ili ujue mguu ulikuwa wapi. Fundi Nukta alizimaliza zote, akabonyeza zicheze, na mtoto akaanza kutembea.

Mtoto alikuwa anachechemea.

Hakukusudia. Lakini ule mwendo aliujua kuliko alivyojua sauti yake mwenyewe. Mwanawe wa pekee alitembea hivyo hivyo, toka alipoanza kusimama mpaka homa ilipomchukua, hata darasa la nne hajafika. Tangu mazishi jina lake halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Aliyeanza kunyamaza ni mumewe, fundi viatu, na mke akamfuata, mpaka kimya kikawa kama mpangaji wa tatu. Na sasa mtoto yuko kwenye kioo, kimo chake nukta thelathini na mbili, anakwenda.

Akazituma picha vile vile. Siku mbili baadaye bwana wa magemu akapiga simu.

"Mama, kazi nzuri, ila huyu mtoto ana nini mguuni?"

"Hana kitu."

"Anachechemea, mama. Mimi nataka mzima. Ninyooshee leo mchana, la sivyo itabidi nimpe mtu mwingine. Nimebanwa kweli."

Hilo neno "mzima" lilimchoma, lakini kazi ni kazi. Akasogeza mguu, akazichezesha picha: bado. Akausogeza tena: bado. Alijua fika tatizo liko wapi. Kuchechemea hakukai mguuni peke yake. Kunakaa begani, shingoni, kwenye begi linaloning'inia upande. Bega lile lingenyooka kwa nukta chache tu. Kila alipopeleka kipanya, mkono uligoma. Aliogopa, na alichoogopa nakisema wazi: kwamba akilinyoosha atakuwa anamzika mwanawe mara ya pili, safari hii kwa mkono wake mwenyewe.

Akaenda jikoni kuinjika chai. Akiwa mbele ya jiko alisikia hatua nyuma yake, moja nzito, moja nyepesi. Akageuka. Hapakuwa na mtu. Alirudi chumbani, akamkuta mtoto vile vile, anakwenda, anakwenda.

Akajaribu ujanja wa mwisho. Ukitaka mtu wa gemu aelekee upande wa pili huchori upya. Unaigeuza tu picha, kama ilivyo kwenye kioo cha kujitazamia. Akamgeuza, akitumaini kwamba akimwona anaelekea kule hatamtambua. Alimtambua.

Mlango ukafunguka. Mumewe amerudi kula, mikono inanuka gundi. Hakuwahi kuwa na habari na kompyuta ile. Kwake ilikuwa televisheni isiyo na taarifa ya habari. Leo akasimama nyuma ya kiti. Mkewe alitaka kufunika kioo, akachelewa.

"Siyo mguu huo," mumewe akasema.

"Unasemaje, baba?"

"Alikuwa anavuta wa kushoto. Hapo umempa wa kulia."

Kweli, kugeuza picha kulihamisha na kilema. Mke akairudisha ilivyokuwa, na mtoto akavuta mguu wa kushoto. Mwanamume yule akaketi kitandani, akalia kwa sauti, bila kujificha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na walikuwa wazazi wawili mle ndani, kila mmoja akidhani yuko peke yake.

"Wanataka nimnyooshe," mke akasema. "Nimeshindwa."

"Usimnyooshe. Wachoree mtoto mwingine. Huyu ni wetu."

Akafungua ukurasa mpya, akachora mtoto mwingine, bega sawa, mwendo wa haraka, asiyemjua wala kumdai chochote. Akamtuma kwa bwana wa magemu. Alipomrudia wa kwanza, mumewe alikuwa bado anamtazama, chakula kimepoa.

"Mbona hafiki?"

"Hawezi kufika. Ni picha nane, zinazunguka tu."

"Anatembea tangu lini?"

"Tangu juzi."

"Na mguu ule?" Akafuta uso kwa kiganja. "Msimamishe, mke wangu. Amechoka."

Akabonyeza. Mtoto akaganda, mguu mmoja hewani. Mumewe akatikisa kichwa. Ikabidi ichorwe picha ya tisa: mtoto amekaa chini, begi pembeni, miguu ameinyoosha mbele. Mume alielekeza, mke akaweka nukta, wakibishana kidogo kuhusu shingo.

"Haya, amekaa," mke akasema.

"Bado. Kile kiatu cha kushoto nilikiongezea soli, kilikuwa kizito, na hakuwahi kulalamika. Mvue."

Fundi Nukta akafuta rangi ya kahawia, kiatu kimoja kisha cha pili, akaweka rangi ya ngozi.