Kopo la Asidi Amino na Ndagala wa Shangazi Sakina

Siku ile ningali naikumbuka kwa harufu yake, mwanangu: ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, wanaokauka juani, na utamu wa unga ulioandikwa kuwa una ladha ya stroberi. Nilikuwa nimerudi Minago likizoni, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uuguzi, na katika mfuko wangu mlikuwa na kopo jeusi nililolinunua Bujumbura. Ndani yake ulikuwamo unga wa asidi amino, vile vijenzi vidogo ambavyo mwili hutumia kuitengeneza misuli iliyochoka. Somo hilo nilikuwa nimelisoma majuma machache tu kabla, nami nikajiona nimelimaliza. Elimu changa ina kelele kuliko elimu pevu.

Rafiki yangu Bukuru alikuwa akisafirisha mawese kwa baiskeli kutoka Minago hadi Rumonge, madumu mawili nyuma na moja katikati ya fremu. Kila mwaka, siku ya pili ya Idi, vijana wa ufuo wetu walishindana kwa baiskeli zisizo na mizigo. Mwaka uliotangulia Bukuru alifika wa mwisho, na jina la Kinyonga likamganda. Hata watoto wa kuchota maji walimwita hivyo. Ungemwona alivyocheka nao mchana, usingejua jinsi jina hilo lilivyomuuma. Mimi nilijua, ndiyo maana nikampa kopo.

"Koroga na maji unywe mara tatu kwa siku," nikamwambia. "Hii ndiyo chakula yenyewe. Bugali ya muhogo na ndagala waachie wazee. Wala usipumzike, hii inatengeneza misuli hata ukiwa unakanyaga."

"Mimi nitabisha nini? Wewe ndiye dokta," akasema, naye akatii.

Siku ya sita, akiwa na madumu yake matatu, macho yalimwingia giza kwenye mwinuko wa kutoka Minago. Baiskeli ikamwangukia, kifundo cha mguu kikavimba, na dumu moja likapasuka likamwaga mawese barabarani. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hawakutuonya kwamba mara nyingine guu linaloumia ni la mwenzake.

Wanawake wa kando ya barabara walimleta kwa shangazi yangu Sakina, aliyekuwa akianika ndagala kwenye vichanja vya waya, nami nikiwa hapo hapo uani. Shangazi alimpa chai yenye sukari nyingi, kisha uji. Bukuru alipoanza kutazama vizuri, Shangazi alilichukua kopo lililokuwa katika mfuko wa Bukuru, akanigeukia.

"Dokta, njoo unisomee hiyo kopo yako."

"Imeandikwa kwa Kifaransa, Shangazi. Ni nyongeza ya chakula."

"Nyongeza! Vizuri. Na chakula chenyewe iko wapi?"

Nikaligeuza kopo kutazama chini yake. "Dokta amemeza ulimi!" akasema mwanamke mmoja, na wenzake wakaangua kicheko. Hata Bukuru, na mguu wake ule, alicheka.

Kwa aibu nikasogea kwenye kichanja nijifanye wa kusaidia. Nikaanza kuwageuza ndagala ambao Shangazi alikuwa amewageuza muda mfupi tu uliopita. Akanipiga mkono, si kwa nguvu.

"Acha. Ukiwageuza kila saa watavunjika vichwa. Jua linawafanyia kazi wakitulia." Akamtazama Bukuru. "Na miguu ya huyu mutoto iko hivyo hivyo."

Mwanangu, pale ndipo somo langu lilipoisha. Nilijua tangu darasani kwamba tumbo huichambua protini ya samaki na ya maharagwe, likatoa asidi amino zilezile. Nilichokuwa sijakubali ni kwamba elimu ile ingeweza kunuka ndagala. Nilijua pia kwamba miguu haikanyagi bila wanga, nami nilikuwa nimemnyang'anya Bukuru muhogo wake kwa mkono wangu mwenyewe. Usiache mbachao kwa msala upitao: niliukariri msemo huo utotoni, nikauacha mlangoni pa chuo.

Zilibaki siku kumi na mbili kabla ya mashindano. Bukuru alikaa kwa Shangazi akila bugali, maharagwe na ndagala waliopikwa kwa mawese, akalala kama mtoto mchanga. Nami, ili asipoteze wateja wake, nilipanda baiskeli yake na kubeba madumu. Niliondoka asubuhi nikafika Rumonge alasiri, huku akina mama wenye mizigo kichwani wakinipita na kunipa pole.

Siku ya mashindano Bukuru alifika wa nne. Akashuka, akainua mikono, akapaza sauti: "Kuanzia leo Kinyonga ni dokta! Mumemuona na madumu?" Na jina likahama. Hata leo, nina mvi na wanafunzi wangu mwenyewe, nikishuka Minago naitwa Kinyonga, nami naitika kwa furaha.

Basi sikia, mwanangu unayefanya mazoezi. Unga ule si sumu, na wapo ambao daktari huwaandikia kwa sababu anayoijua. Ukiutaka, muulize kwanza mtu wa afya, hasa kama una ugonjwa wa figo, una mimba au unatumia dawa. Lakini anza na sahani. Kula samaki wako, maharagwe yako na muhogo wako, kunywa maji, na baada ya kazi ngumu uache mwili utulie, kwa kuwa hujijenga ukiwa umepumzika. Na ukijaliwa kusoma, usimpe mwenzako ushauri ambao miguu yako haijaubeba.

Kopo lile Shangazi aliliosha, akalifanya kipimo cha kuuzia ndagala. Ndipo hatimaye likajaa chakula.

Mola akujalie sahani isiyokauka, usingizi mzito, na shangazi wa kukuuliza swali moja la haki. Amina.